Pini ya Ramani Si Bikoni: Elewa Mashine ya Sorveya Kabla Hujatuma Pesa ya Ploti



Kuna pini mbili kwenye simu yako. Ya kwanza ni ile namba ya siri unayobonyeza kabla pesa haijaondoka. Hiyo tumekwambia mara nyingi: usimpe mtu, hata akijiita afisa wetu. Ya pili ni ile alama nyekundu ya ramani unayotumiwa na mtu anayekuambia, "Ploti iko hapa, fungua uone." Leo tunazungumzia hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayoweza kukufanya ubonyeze ile ya kwanza kabla ya wakati wake.

Tuseme ni Jumamosi asubuhi. Umeona tangazo la ploti huko Joska, thumuni ya ekari, futi 50 kwa 100, na bei inaeleweka. Dalali anakutumia picha nne, nakala ya hati miliki na pini ya ramani. Unafungua pini, unaiona barabara, unaona na shule iliyo karibu, roho inatulia. Mara ujumbe unaingia: "Kuna mteja mwingine yuko njiani. Tuma elfu 50 tukushikie."

Sasa ufanyeje? Kabla ya kujibu, tujifunze kidogo kuhusu setilaiti. Usiogope, hakuna hesabu ngumu. Mwisho wa somo hili utajua:

- pini ya simu inaweza kukosea kwa kiasi gani, na kiasi hicho ni sehemu gani ya ploti yako;
- mashine ya sorveya inavyofanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja, na kwa nini;
- maneno matatu ya kuangalia kwenye skrini yake siku ya kupima;
- utaratibu wa kulipa unaoenda sambamba na upimaji.

Pini ya simu inatoka wapi?

Ndani ya simu yako kuna kipokezi kidogo cha mawimbi ya setilaiti. Watu wengi huita kila kitu "GPS", lakini GPS ni mfumo wa Marekani tu. Kuna pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina. Simu nyingi za siku hizi husikiliza zaidi ya mfumo mmoja kwa wakati mmoja.

Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu takriban kilomita 20,200. Kila setilaiti hutangaza mambo mawili: niko wapi, na sasa ni saa ngapi. Simu hupima mawimbi yamechelewa kiasi gani kufika, kisha hugeuza muda huo kuwa umbali. Mawimbi hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosea kwa mita 300. Ndiyo maana simu inahitaji setilaiti nne au zaidi: tatu za kujua mahali, na ya nne ya kusahihisha saa yake yenyewe, ambayo si ya bei kali kama zile za angani.

Simu haitegemei setilaiti peke yake. Huku ikisikiliza angani, husikiliza pia minara ya simu na Wi-Fi za jirani, kisha huchanganya yote kupata jibu la haraka. Ndiyo maana ukiwa ndani ya jengo mjini bado ramani inakuonyesha ulipo, ingawa anga huioni.

Jibu hilo linatosha kabisa kwa mtu wa boda anayekuletea chakula. Kwenye uwanja wazi, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5. Karibu na majengo marefu au chini ya miti, hukosea zaidi.

Sasa tufanye hesabu ya ploti. Futi 50 ni mita 15 na sentimita 24. Ukikosea mita 5, umekosea karibu theluthi moja ya upana wa ploti nzima. Theluthi hiyo inaweza kuwa jiko lako, au choo cha jirani.

Tena hiyo ni kama pini ilichukuliwa na mtu aliyesimama kwenye ploti. Pini ya ramani inaweza kuwekwa na mtu aliyelala kitandani kwake Nairobi, kwa kugusa skrini tu. Pini haisemi ni nani aliyeiweka wala alikuwa wapi. Ni maneno ya mtu, yamevalishwa ramani.

Na jambo dogo kwenye hilohilo tangazo: futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Thumuni kamili ya ekari ni futi za mraba 5,445. Kwa hiyo ile "thumuni" ya madalali imepungua futi za mraba 445, karibu mita za mraba 41. Si lazima iwe wizi, ni mazoea ya soko. Lakini soma vipimo vilivyo kwenye hati, usisome jina la tangazo.

Mashine ya sorveya ina tofauti gani?

Umewahi kuona sorveya akisimamisha stendi ya miguu mitatu yenye kitu kama sahani au uyoga juu yake, kisha akatembea na fimbo yenye kitu cha aina hiyohiyo? Hivyo ni vipokezi viwili. Kile cha kwenye stendi huitwa besi, nacho hakisogei. Kile cha kwenye fimbo huitwa rova, nacho hutembea kutoka bikoni moja hadi nyingine.

Besi huwekwa juu ya sehemu ambayo mahali pake panajulikana kwa uhakika. Kila sekunde besi husikiliza setilaiti, hulinganisha inachosikia na mahali inapojua ipo, kisha huiambia rova: "Sasa hivi mawimbi ya setilaiti hii yanatupotosha kiasi hiki, na ya ile kiasi hiki." Kwa kuwa rova iko karibu na zinatazama anga lilelile, karibu makosa yote ya besi ni ya rova pia. Rova huyatoa, na kinachobaki ni kosa la sentimita moja au mbili badala ya mita 5. Njia hii huitwa RTK, yaani upimaji unaosahihishwa palepale.

Kuna siri nyingine. Simu hupima hasa ule ujumbe uliobebwa na wimbi. Mashine ya sorveya hupima wimbi lenyewe. Wimbi moja la GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi. Fikiria fundi wa nguo anayepima kitambaa kirefu kwa kijiti cha sentimita 19. Kile kipande cha mwisho kisichofika kijiti kizima anakijua vizuri sana. Shida yake ni moja: kijiti kizima kimeingia mara ngapi? Mara milioni mia moja na ngapi? Kazi kubwa ya mashine ni kuipata namba hiyo nzima bila kubahatisha.

Hapo ndipo yanapotoka yale maneno matatu ya kwenye skrini. Hata kama hujasomea upimaji, unaweza kumwomba sorveya akuonyeshe:

- SINGLE: mashine haipati masahihisho ya besi. Inafanya kazi kama simu tu, kosa ni la mita.
- FLOAT: masahihisho yanaingia, lakini ile namba nzima ya mawimbi bado haijapatikana. Kosa linaweza kuwa makumi ya sentimita.
- FIXED: namba nzima imepatikana. Sasa tunaongea sentimita.

Bikoni haifai kupigwa chini kama skrini inasema SINGLE au FLOAT. Kumwuliza sorveya "inasemaje hapo?" si kukosa adabu. Ni wewe unayelipa.

Kazi tatu kwa wakati mmoja

Kipokezi cha kisasa si kama mtu mwenye mikono miwili. Kinaweza kufuatilia mawimbi mengi ya mifumo yote minne kwa pamoja, na kinaweza kuwekwa kwenye modi zaidi ya moja kwa wakati huohuo. Siku ya kupima ploti, sorveya makini huwasha tatu.

*Modi ya kwanza: kupima papo hapo.* Rova hupokea masahihisho na kuonyesha jibu kila sekunde. Hii ndiyo inayomwezesha sorveya kusema, "Songa kulia kidogo, hapo, piga bikoni." Bila hii, mngerudi nyumbani kusubiri hesabu za ofisini.

*Modi ya pili: kurekodi data ghafi.* Huku ikionyesha majibu, rova na besi pia huhifadhi kila kipimo jinsi kilivyoingia kutoka angani, kabla ya hesabu yoyote. Ofisini, data hiyo huweza kupigwa hesabu upya. Besi ikirekodi kwa saa kadhaa, mahali pake panaweza kutafutwa kwa kulinganisha na vituo vya kudumu vya mtandao wa kimataifa wa IGS, ambao umekuwa na vituo hapa kwetu pia, kikiwemo cha Malindi.

*Modi ya tatu: kutuma masahihisho.* Besi huyatuma kwa redio, na wakati huohuo inaweza kuyatuma kwa intaneti kupitia laini ya simu. Redio ikizibwa na kilima, intaneti inaendelea. Mtandao ukipotea, redio inaendelea. Sehemu kama Machakos, yenye vilima na mabonde, utaona faida yake.

Utauliza: si kazi hizi zinagombania mashine? La. Kila sekunde kipokezi hupima mara moja tu. Kipimo hicho kimoja ndicho kinachogawanywa: nakala moja inaenda kwenye hesabu ya papo hapo, nyingine kwenye kumbukumbu, nyingine kwenye redio. Ni kama mama wa kibanda anayepika sufuria moja ya githeri na kupakua sahani tatu.

Gharama ipo, lakini ni ya kawaida. Betri inaisha haraka zaidi. Kumbukumbu inajaa, hasa ukirekodi kila sekunde badala ya kila sekunde 15 au 30. Na laini ya intaneti inahitaji bando, ingawa masahihisho yenyewe ni madogo, megabaiti chache tu kwa saa. Kwa hiyo sorveya akikuambia kazi imesimama kwa sababu bando imeisha, mnunulie, ni pesa kidogo. Akikuambia hakurekodi data ghafi ili kuokoa betri, hapo muulize vizuri.

Mtego wa FIXED

Sasa tumefika kwenye sehemu muhimu kuliko zote, na ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili.

FIXED haimaanishi "sahihi". Inamaanisha rova inajua vizuri sana iko wapi *ukilinganisha na besi*. Je, kama besi yenyewe imedanganywa?

Inatokea hivi. Sorveya amechelewa na hajapata alama ya zamani ya kusimamishia besi. Anaisimamisha popote na kuiambia mashine, "Chukua hapa ulipo." Besi inajikadiria kama simu, labda inakosea mita mbili. Tangu hapo kila kitu kinaonekana safi. Skrini inasema FIXED. Umbali kati ya bikoni na bikoni ni sawasawa. Ploti ina futi 50 kwa 100 kamili. Lakini ploti nzima imesogea mita mbili kuingia kwa jirani, pembe zote nne pamoja, kwa usahihi wa sentimita moja.

Kosa lingine la aina hiyo linatokana na ramani. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Setilaiti za GPS hutumia mfumo unaoitwa WGS84. Ukichukua namba za ramani ya zamani na kuziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, unaweza kujikuta umesimama takriban mita 300 kutoka mahali penyewe. Mita 300 mtaani ni mtaa mwingine kabisa.

Ile modi ya pili, ya data ghafi, ndiyo inayookoa kosa la kwanza. Kwa kuwa besi ilikuwa ikirekodi muda wote, mahali pake pa kweli panaweza kutafutwa baadaye, na bikoni zote zikarudishwa mahali pake kwenye hesabu. Ndiyo maana modi huwashwa pamoja tangu mwanzo. Data ambayo haikurekodiwa leo hairekodiwi kesho.

Lakini kuna makosa ambayo hata modi tatu haziyaoni. Fimbo ikiinama wakati pima maji haiko katikati, kipimo kimeinama. Mabati ya paa jirani yakirudisha mawimbi kama mwangwi, mwangwi unaweza kuingia. Na sorveya akionyeshwa bikoni ya uongo, iliyohamishwa usiku na mtu mwenye jembe, mashine itaipima bikoni hiyo ya uongo vizuri sana.

Kwa nini modi tatu hazikamati makosa haya? Kwa sababu zote zinakula kutoka sufuria moja. Ni antena moja, fimbo moja, bikoni moja. Majibu matatu yanayokubaliana si mashahidi watatu kama yote yametoka mdomo mmoja.

Kwa hiyo sorveya makini hatosheki na mashine. Anaanza kwa kupima bikoni ya zamani ambayo namba zake ziko kwenye kumbukumbu za serikali, aone kama anapata jibu lilelile. Anazima rova na kuanzisha upya, au anarudi baada ya muda setilaiti zikiwa zimehama angani, anapima tena. Na kazi ya angani anapenda kuifanya asubuhi au mchana. Sisi tuko kwenye ikweta, na baada ya jua kutua, tabaka la juu la anga hapa huweza kuchafuka na kuyayumbisha mawimbi, hali ambayo inaweza kuendelea hadi karibu usiku wa manane. Fundi anayekuambia "tutapima saa mbili usiku kwa tochi, ndio kuna baridi" hajakufikiria.

Sasa turudi kwa dalali

Hebu hesabu mashahidi wako wa Jumamosi asubuhi. Una picha, una nakala ya hati, una pini, una maneno ya dalali, na pengine una namba ya "mwenye shamba" ambaye alipokea simu na kusema ndiyo. Hao ni watano, si ndiyo?

Hapana, ni mmoja. Picha, nakala, pini na namba ya simu vyote vilitoka kwa dalali. Ni ile sufuria moja. Vinaweza kukubaliana vizuri sana na bado ploti ikawa ya mtu mwingine, au ikawa mahali pengine, au isiwepo.

Shahidi wa kweli ni yule ambaye muuzaji hakumchagua. Fuata utaratibu huu, na kila hatua iwe na malipo yake:

1. Fanya upekuzi rasmi mwenyewe, ile watu wa ploti huita sachi. Usikubali nakala ya sachi iliyofanywa na muuzaji. Lipa ada kwa njia rasmi ya serikali, na uweke ujumbe wa muamala.

2. Tafuta sorveya wewe. Kazi ya mipaka hufanywa na mpima ardhi mwenye leseni chini ya Sheria ya Upimaji. Mwombe namba ya leseni yake. Mlipe yeye, usimlipe kupitia kwa dalali. Kwenye sehemu ya maelezo ya muamala andika namba ya ploti, ili siku moja ujumbe huo ueleze pesa ilikuwa ya nini.

3. Nenda naye shambani. Uliza yale maneno matatu ya skrini. Uliza besi imesimama juu ya alama gani. Uliza kama data ghafi inarekodiwa. Omba upewe nakala ya ripoti na faili hizo, maana umezilipia.

4. Ongea na majirani wa pande zote. Jirani aliyeishi hapo miaka 20 anajua ua ulikuwa wapi kabla ya barabara kuhamishwa. Mashine haijui hilo.

5. Andikeni mkataba. Kwa sheria yetu, mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote na ushuhudiwe. Ujumbe wa simu si mkataba. Kama ni ardhi ya kilimo, uliza pia kuhusu idhini ya bodi ya ardhi ya eneo hilo.

6. Sasa lipa. Angalia jina linalotokea kabla hujathibitisha muamala. Jina la anayepokea liwe lile lililo kwenye mkataba: muuzaji mwenyewe, au ofisi ya wakili mliyokubaliana. Likiwa jina la mtu wa tatu, bonyeza kughairi kwanza, maswali baadaye.

Utaona kwamba pesa kubwa iko hatua ya sita. Hatua za mwanzo zina gharama zake, ni kweli. Lakini ukigundua ubaya hatua ya pili, umepoteza ada ya sorveya. Ukigundua baada ya ya sita, umepoteza ploti.

Maswali tunayoyatarajia kutoka kwako

*Nikishatuma elfu 50, si mnaweza kunirudishia?* Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi. Pesa uliyomtumia mtu uliyemkusudia, kwa biashara ambayo baadaye umeijutia, ni jambo lingine. Na mpokeaji akishaitoa kwa wakala, haiko tena mahali tunapoweza kuizuia. Ukihisi umelaghaiwa, tupigie simu mara moja, kisha uripoti polisi. Dakika zina maana.

*App ya kupima shamba kwenye simu haina kazi basi?* Ina kazi nzuri. Ukitaka kujua utahitaji mbegu au mbolea kiasi gani kwa ekari tano, tembea nayo ukingoni mwa shamba, itakupa makadirio ya kutosha. Kwenye ekari tano, mita chache si nyingi. Kwenye thumuni, mita chache ni chumba cha kulala.

*Sorveya ana kipokezi kimoja tu, hana besi. Ni tapeli?* Si lazima. Anaweza kuwa anapokea masahihisho kwa intaneti kutoka kituo cha kudumu. Mwulize ni kituo kipi na kiko umbali gani. Watengenezaji wengi hutaja kosa la milimita 8, na milimita moja zaidi kwa kila kilomita kutoka kwenye besi. Kilomita 10 si shida. Umbali ukizidi sana, FIXED yenyewe inakuwa ngumu kupatikana.

*Sorveya amepata mpaka tofauti na ua wa jirani. Nani yuko sahihi?* Usianze kung'oa ua. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ramani nyingi za usajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale ambapo mpaka umewekwa rasmi na kuandikwa hivyo. Ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa hupelekwa kwanza kwa msajili wa ardhi, kabla ya mahakama. Kama bado hujalipa, basi mgogoro huo si wako. Mwachie muuzaji aumalize.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Yule dalali wa Jumamosi bado anasubiri jibu. Unaweza kumwandikia hivi, neno kwa neno: "Asante. Nitafanya sachi Jumatatu, na nitakuja na sorveya wangu. Tukikubaliana, nitalipa kwa jina lililo kwenye hati."

Muuzaji wa kweli atakuambia karibu. Atakuonyesha bikoni, pengine hata chai utapata. Mwingine atasema yule mteja wa pili ameshafika, na ploti imeenda. Mwache aende nayo. Wewe bado una elfu 50 zako, na pini yako hujaibonyeza.

Tuko pamoja. Kama somo hili limekusaidia, mtumie ndugu au rafiki anayetafuta ploti, hasa yule anayependa kuharakishwa.